Atakayeniangusha Mbeya

Makwale, Kyela
Jumanne jioni

Mwanangu Atupele,

Ugonile, mwanangu. Sijui utaisoma barua hii saa ngapi, ila nimeifunga kwenye khanga na kuilaza juu ya mchele, kwa hiyo utaikuta utakapotaka kupika chakula chako cha kwanza huko Mbeya. Umefikaje? Baridi ya huko imekupokeaje? Na bega ulilojigonga wiki iliyopita, bado linalalamika ukiinua mkono? Sisi huku, mpaka naandika, tu wazima kwa rehema za Mungu. Baba yako yuko uani anafunika kakao kwa turubai maana mawingu yamesogea kutoka ziwani, na wewe umekwenda Ipinda kuwaaga wenzako wa kwaya. Kesho utapanda basi ukaanze kazi ya mieleka. Leo bado ndoo yako iko mlangoni na kandambili zako zimekaa vibaya kama kawaida.

Utauliza kwa nini sikungoja nikupigie simu. Mwanangu, wewe kwenye simu unajua kusema "sawa mama" tu. Sawa mama, sawa mama, kisha unakata. Karatasi haikatiki hivyo. Tena nikisema kwa mdomo sauti yangu hupanda, si unaijua, sauti ya Mama Mwera, ile ya ulingoni, halafu wewe unajifunga kama kobe.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji wala kufunga mlango. Hayo unayajua. Nataka turudi kwenye lile jambo la juzi Jumapili.

Kocha alikuja vizuri, akala vizuri, akanawa mikono, ndipo akasema kile alichokuja kusema. "Atu, pambano lako la kwanza Mbeya, baada ya mavuno, utacheza na mama yako. Mama Mwera anaaga ulingo, na wewe ndiye utakayempiga chini."

Ukarudisha kipande cha samaki kwenye sahani. "Kocha, mimi simwangushi mama yangu."

"Ni mchezo, binti. Tunapanga, mnafanya mazoezi."

"Mchezo mbele ya umati wote ule? Watu wa Makwale watasema nimelaaniwa."

"Watu wa Makwale hawatakuwepo."

"Mungu atakuwepo," ukasema.

Hapo nikacheka. Heri nisingecheka. Sikukucheka wewe, nilimcheka Kocha jinsi alivyotazama juu kwenye bati kana kwamba amemwona. Lakini wewe ulinyanyuka ukatoka, na tangu siku hiyo mimi na wewe tunazungumza habari za chumvi na ndoo tu. Mtu asiondoke nyumbani hivyo. Kwa hiyo naomba nikueleze ninavyoliona jambo hili, na mwisho wa barua nitakuuliza swali moja. Ukijibu ndiyo nitashukuru, ukijibu hapana nitashukuru pia, ila ujibu.

Unajua mila yetu ya mkwe. Siku hizi wengi wameilegeza, lakini nilipoolewa hapa ilikuwa imekaza. Mke wa mtoto hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Mkikutana njiani unaacha njia, unachutama, unajifunika. Jina lake hulitamki. Babu yako hakuwahi kuniona nikila, wala mimi sikuwahi kumwona akicheka, japo tulikaa kiwanja kimoja. Palikuwa na njia yake ya kwendea kisimani na njia yangu. Wewe umekua umezikuta njia zote mbili, ukadhani ni za ng'ombe.

Basi nilipoanza mieleka, baba yako alijua, bibi yako alijua, lakini babu hakujua, kwa sababu hapakuwa na wa kumwambia. Nani angeanza kumsimulia mzee habari za mkwewe kupandisha miguu ulingoni? Nami nilikuwa napaka uso rangi, nyeupe na nyekundu, na jina langu lilikuwa Mama Mwera, ule upepo unaosumbua ziwa. Nilijua nimejificha vya kutosha.

Siku moja tulicheza Ipinda, uwanja wa karibu na soko. Ulingo wetu wa siku zile ulikuwa mbao, juu yake magunia ya pumba za mpunga, juu yake turubai. Ukianguka vibaya pumba zinapasuka, mnapigana huku mnapiga chafya. Nilikuwa na Eneles wa Karonga, yule mama yako mdogo wa Malawi, rafiki yangu mpaka leo. Nilikuwa nimemnyanyua begani, nimemzungusha, umati unapiga kelele, na nilikuwa nimebakiza kumtua nishinde. Ndivyo tulivyopanga. Nikageuka. Mbele kabisa, amesimama na gunia lake, ametoka ng'ambo ya mto Songwe kuuza mchele, nikamwona baba mkwe.

Mwanangu, mikono yangu ilimwachia Eneles kabla kichwa hakijafikiri. Nikachutama. Nikafunika uso kwa kiwiko. Kisha nikaona hapo pia ananiona, nikapita chini ya kamba, nikaingia uvunguni mwa ulingo, nikakaa chini ya mbao, pumba zikinidondokea.

Umati ulipagawa. "Mama Mwera kakimbia! Mama Mwera kamwogopa Eneles!" Eneles mwenyewe alikuwa amelala chali hajui kilichompata. Mwamuzi akahesabu, sikutoka. Kocha akainama, mtu wa Mwanza yule, hajui lolote la kwetu. "Umeumia wapi? Nani kakupiga?"

"Mkwe," nikamwambia.

"Mkwe gani kakupiga?"

"Hajanipiga. Yupo!"

"Yupo, halafu?"

Nikashindwa kumweleza. Ndipo mwanamke mmoja muuza ndizi akapaza sauti: "Mwe bandu! Mkwe wake yupo hapa! Mwacheni mtoto wa watu!" Uwanja mzima ukanyamaza. Fikiria, watu waliokuwa wananitukana dakika ile ile, wakanyamaza. Kisha wakamgeukia mzee. "Baba, hebu sogea. Unamharibia kazi." Babu yako akabeba gunia lake akaondoka, na mimi sikutoka uvunguni mpaka nikahakikishiwa na watu watatu.

Nilirudi nyumbani nikijua nimekwisha. Nilimwambia baba yako, "Nitalima mpunga tu." Wewe ulikuwa mdogo, unanyonya. Baba yako akaitwa na mzee. Wakakaa. Akarudi, ananitazama kama mtu aliyetumwa jambo asilolielewa.

"Baba anasema usitoroke tena."

"Nisitoroke vipi na yeye yupo?"

"Anasema atakaa ameupa ulingo mgongo."

Na ndivyo alivyofanya, Atu, miaka yote mpaka Bwana alipomwita. Nilipocheza Ipinda, nilipocheza Kyela mjini, hata siku moja alivuka mpaka Karonga. Alikuja na kigoda chake, akakaa nyuma ya watu, ameelekea barabarani, mgongo kwetu. Akawa anamuuliza aliye karibu naye: "Sasa?" "Kamnyanyua, baba." "Mguu upi uko mbele?" "Wa kulia." "Hapo atateleza." Na kweli nateleza! Kisha jioni inakuja salamu kupitia baba yako: "Mwambie mke wako anageukia upande mmoja tu, wenzake wameshamzoea." Mtu ambaye tangu siku ile hakuniona tena nikipigana, ndiye aliyenikosoa kuliko wote walioniona. Nimewaza sana, alikuwa anaonaje? Sikumuuliza. Ningemuulizaje? Ukimkuta mbinguni kabla yangu, Mungu apishe mbali, umuulize wewe.

Sikuandikii haya ili nikufundishe mila. Nakuandikia kwa sababu wewe juzi ulisema jambo hili haliwezekani, na mimi hilo neno nimelisikia kwa kinywa changu mwenyewe nikiwa nimekaa uvunguni mwa ulingo na pumba puani.

Sasa nikwambie nilivyokosea, maana unaingia kazi ninayoiacha.

Kosa la kwanza ni bega. Miaka ile nilitaka watu wapige kelele kila niliporuka. Bega likatoka, likarudishwa, mganga wa mifupa akasema nipumzike msimu mzima. Mimi nikaenda kanisani nikaomba niponywe, kisha Jumamosi nikapanda ulingoni. Nikaomba tena, Jumamosi nikapanda tena. Nilikuwa namwomba Mungu ashone huku mimi nachana. Mpaka leo nikifua shuka baba yako ndiye anayekamua. Ukiomba uponyaji, mwanangu, mpe aliyeombwa nafasi ya kufanya kazi.

Kosa la pili ni Mama Mwera mwenyewe. Mimi nilikuwa mbaya wa ulingo. Nilikuwa naingia nakula ndizi, namtupia mwenzangu ganda, natukana mchele wa wenyeji, nasema una mawe. Ukitaka kuchukiwa Kyela, tukana mchele. Watu walinizomea mpaka mishipa inawatoka, na nilipoangushwa walikumbatiana. Mwanamke mmoja alinitemea mate, kesho yake akaja hapa nyumbani na mkungu wa ndizi. "Mama, jana nilikutukana vizuri. Nimelala kama mtoto. Ndaga fijo, asante sana." Bado najiuliza, kuna nini ndani ya watu kinachotaka mtu wa kumzomea? Na kwa nini mimi niliyekuwa naimba sauti ya pili kanisani niliweza kukibeba? Wewe Kocha anataka uwe mwema wa ulingo, upendwe na watu. Nina hamu ya kuona. Sijui kama mwema ni mwepesi kuliko mbaya. Mbaya akichoka anatukana tu. Mwema akichoka anafanyaje?

Lakini kosa langu ni kwamba nilimleta Mama Mwera nyumbani. Pale mashine ya kukoboa, watu walinipisha foleni. Nikaona raha. Siku nyingine nikisukuma kidogo, nikitoa ile sauti, wananipisha zaidi. Mpaka siku ambayo nilimwambia mama mmoja "Nipishe" na mtoto wake akaanza kulia, akajificha kwenye sketi, na yule mama akasema taratibu, "Nyamaza, huyu ni Mama Atupele, anaigiza tu." Nami nilikuwa siigizi. Nilikwenda mwisho wa foleni nikakaa. Tangu hapo nanawa uso kabla ya kutoka uwanjani, hata kama maji ni ya kununua. Rangi isivuke barabara. Wengi nilioanza nao wameacha mapema, si kwa kuumia, bali walichoshwa na mtu waliyemtengeneza, maana walikuwa wanalala naye.

Nakuja kwenye goti.

Goti langu la kushoto umelizoea hivyo linavyolia ninapoinuka kutoka kwenye sala. Hujui kwamba halikunjiki tena hadi mwisho. Eneles anajua, kwa sababu kila akinibeba hulishika kwa chini kama yai. Daktari mmoja wa Mbeya alisema likipinda tena kwa nguvu sitatembea vizuri. Kwa hiyo naacha. Sijasukumwa na Kocha. Nilimfuata mimi, nikamwambia niagwe vizuri, ulingoni, nikiwa na rangi usoni, si kwa kunyamaza tu watu wakauliza yule mama alikufa?

Na ulingoni mtu haagi akiwa amesimama. Ndivyo kazi yetu ilivyo. Anayeondoka analala chali, anayebaki ananyanyuliwa mkono. Kwa njia hiyo watu wanakubali kumpenda mpya. Na mimi niliachiwa hivyo hivyo na aliyenitangulia.

Watu huniuliza, ni kweli au maigizo? Nawaambia kushinda ni maigizo, kuanguka ni kweli. Mbao ni mbao. Nikinyanyuliwa juu ya mabega ya mtu, uhai wangu uko kwenye viganja vyake. Anayetupa ndiye anayeamua kama kichwa kitafika kabla ya mgongo. Hilo nilikufundisha hapa nyuma kwenye lundo la pumba, kidevu kifuani, pumzi nje, mkono upige chini. Nilikufundisha kuanguka mwaka mzima kabla sijakufundisha kuangusha, nawe ukanuna, ukasema wenzako wanajifunza kuruka. Je, unakumbuka ulivyoanza kuninyanyua mimi? Ulikuwa unatetemeka. Ukinitua unaniuliza "Mama, goti?" kabla hujavuta pumzi yako. Hakuna aliyekufundisha kuuliza.

Ukikataa, Kocha anaye mwingine. Ni yule binti wa Tukuyu. Usimfikirie vibaya, ni mtoto mzuri, ana nguvu kukuzidi, anasali. Lakini ana haraka. Akikunyanyua anawaza makofi, na mikono yake hufunguka mapema. Pale Karonga alimwachia Eneles hivyo hivyo, na Eneles alikaa wiki kadhaa anageuka mwili mzima kama fisi akiitwa. Binti alilia, aliomba msamaha. Atajifunza. Ila sitaki ajifunzie kwenye goti langu.

Sasa umeniona ninakoelekea. Wewe unaona kumwangusha mama ni kumdharau. Mimi naona, ukimtoa Eneles, mzee wa kazi kama mimi, kuna mtu mmoja tu kwenye kikundi chetu anayejua mguu wangu upi uguswe na upi usiguswe, na mtu huyo ametoka mezani akaacha samaki.

Kuhusu laana sikutaka nikujibu kwa kichwa changu. Nilikwenda kwa shangazi yako, dada wa baba yako, ambaye mambo ya mwiko anayajua kuliko sisi sote. Nilimkuta anapepeta.

"Wifi, mtoto akimwangusha mama yake ni mwiko?"

"Mwiko mkubwa."

"Hata ulingoni?"

Akasimamisha ungo. "Mama ana habari?"

"Ana habari."

"Kakasirika?"

"Hajakasirika."

"Mtoto naye?"

"Hana hasira, ana woga."

"Aah! Basi hapo hajaanguka mtu. Hapo mama kalazwa. Mbona sisi tulimlaza mama yetu kila siku alipougua, tukamgeuza huku na huku? Kuna aliyelaaniwa?" Kisha akaendelea kupepeta, akasema, "Na hilo gari la kwenda Mbeya, lina nafasi?"

Kwa hiyo usichukue maneno yake kama hukumu, kwa sababu alikuwa anatafuta safari. Nilimuuliza pia mchungaji baada ya ibada. Alicheka, akasema hilo hakufundishwa chuoni, akaahidi kuliombea. Nami nimeliomba. Sijapata sauti wala ndoto. Nimepata utulivu tu, nao sijui kama umetoka juu au ni uchovu wa kupalilia.

Ninachojua ni hiki. Sitaki ufanye kwa sababu nimekuamuru. Mtu anayenyanyua kwa kulazimishwa mikono yake hutetemeka, na mimi nitakuwa juu ya mikono hiyo. Ukiona moyo unakataa kabisa, basi kataa, mwanangu, wala sitabadilika. Na kama ni kuogopa maneno ya watu, nina wazo, lipime. Kabla ya kengele nitakuita katikati ya ulingo, nitaweka mkono kichwani pako mbele ya wote, nitakubariki kwa Kinyakyusa, wasioelewa waulizane. Kisha nitarudi kwenye kona yangu, nitakula ndizi, nitatukana mchele wa Mbeya, na tutaanza.

Kuna kitu kimoja zaidi, na hiki sijamwambia hata baba yako. Nina hamu ya kujua. Nimekubeba tumboni, mgongoni, kwenye baiskeli, siku ile ya homa nimekubeba usiku wa mvua hadi zahanati. Nimekuinua miaka yote. Sijui dunia inaonekanaje kutoka huko juu, ukiwa umeinuliwa na mtoto wako, watu wote wako chini wanapiga kelele, na wewe huna la kufanya ila kutulia. Labda nitaogopa. Labda nitacheka, nikaharibu pambano. Ningependa kujua kabla mwili haujakataa.

Nakusikia unarudi, mnaimba huko barabarani na wenzako. Acha nikunje karatasi kabla hujaingia ukaniuliza naandika nini.

Kocha anataka jina la atakayeniangusha kabla mwezi haujaisha, ili mabango yachapwe. Sijampa. Nimemwambia mtu wangu yuko safarini, angoje. Nijibu upesi, Atu, kwa karatasi kama hii, umpe kondakta wa basi la Kyela, wananijua wote. Ukisema hapana, nitapanda na yule binti, nami nitakuomba usimame upande wa kona yangu unipokee nikishuka. Ukisema ndiyo, anza leo mazoezi ya mkono wa kulia, ule unaoingia chini ya kichwa changu, maana huo ndio bado unachelewa.

Akubariki Bwana katika kutoka kwako na kuingia kwako.

Ni mimi mama yako,
Mama Atupele